Ziba ufa, lakini si kwa saruji tupu

Dodoma. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uzibwe kwa kitu gani, na katika mitaa ya Kata ya Ipagala, jijini Dodoma, hapo ndipo familia nyingi zinapopoteza fedha.

Ipagala ya leo ina nyumba mpya za matofali ya saruji na mabati ya rangi. Lakini katikati ya hizo zimebaki nyumba za zamani za matofali ya kuchoma, zilizojengwa kwa udongo badala ya saruji. Wapo wanaoishi humo kwa sababu ni urithi wa wazazi, wapo waliopanga, na wapo wanaojenga nyumba mpya kidogo kidogo huku wakilea watoto kwenye ile ya zamani.

Kila mvua zikiisha hali huwa ile ile. Udongo uliokuwa kati ya tofali na tofali umeliwa na maji, mianya imebaki wazi, na chini ya ukuta kuna vumbi jekundu la tofali. Mwenye nyumba ananunua mfuko wa saruji, fundi anaziba, ukuta unapendeza. Misimu miwili baadaye saruji imebanduka, na safari hii imeondoka na ngozi ya tofali lenyewe.

Unaweza kujiuliza jambo hili linahusu nini ukurasa wa familia. Linahusu, kwa sababu mianya hiyo ipo sentimita chache kutoka kwenye mto wa mtoto wako. Ndani yake hukaa wadudu wanaoleta homa, na ukuta unaobaki na unyevu kwa sababu ya saruji iliyowekwa mahali pasipofaa huleta kikohozi na ukungu. Habari njema ni kwamba tiba ya ukuta wa aina hii inajulikana, ni ya zamani, na haihitaji kubomoa nyumba.

Mgeni wa usiku anayeitwa papasi

Watu wazima wa Dodoma wanamfahamu papasi. Ni ndugu wa kupe, lakini ngozi yake ni laini, rangi yake inafanana na vumbi, na haishi mwilini mwa mnyama kama kupe wa ng’ombe. Mchana kutwa hujificha kwenye nyufa za ukuta na sakafu. Usiku hutoka, humnyonya mtu aliyelala kwa muda usiozidi nusu saa hivi, kisha hurudi kwenye ufa wake. Wengi hawahisi hata kuumwa.

Papasi anaweza kubeba bakteria wanaosababisha homa ya papasi, ugonjwa ambao madaktari huueleza kuwa ni homa inayojirudia. Mtu hupata homa kali, maumivu ya kichwa na viungo, na mara nyingi kutapika. Baada ya siku chache homa hushuka na familia hudhani amepona. Baada ya siku kadhaa, pengine wiki, inarudi.

Bakteria hao huitwa Borrelia duttonii, kwa jina la Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyefariki dunia mwaka 1905 huko Kongo alipokuwa akiuchunguza ugonjwa huu.

Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na wajawazito. Kwa mjamzito, homa hii inaweza kuharibu mimba au kusababisha mtoto azaliwe kabla ya wakati, na mtoto mchanga anaweza kuupata ugonjwa kutoka kwa mama yake.

Tatizo kubwa kwa mzazi ni kwamba dalili zake zinafanana na za malaria. Kile kipimo cha haraka cha malaria cha tone la damu hakiwezi kuonyesha homa ya papasi. Inayoonyesha ni damu inayopakwa kwenye kioo na kuangaliwa kwa darubini, hasa ikichukuliwa wakati mgonjwa ana homa.

Mkoa wa Dodoma una historia ndefu na ugonjwa huu. Nyumba ya asili ya Wagogo, tembe, yenye kuta za miti na udongo na paa bapa la udongo, ilimpa papasi maficho mengi. Utafiti uliofanyika Mvumi, kusini mashariki mwa jiji la Dodoma, na kuchapishwa mwaka 1998, ulionyesha kuwa kupulizia dawa nyumba zenye papasi kulipunguza homa hiyo kwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Nyumba ya matofali ya kuchoma ni hatua mbele kutoka kwenye tembe. Lakini ikiwa viungo vyake vimekuwa mianya, kwa papasi haina tofauti kubwa. Humo humo hujificha pia kunguni, mende na nge.

Kwa nini saruji inabanduka

Ili kuelewa kosa linalofanyika, lazima tukubali jambo moja ambalo mafundi wa zamani walilijua: ukuta wa zamani hupumua.

Tofali la kuchoma la mtaani ni laini. Limechomwa kwa kuni kwenye tanuri la kienyeji, moto haufiki sawasawa kila mahali, hivyo lina matundu madogo mengi na hunywa maji haraka. Maji yanayoingia kutoka ardhini au kwa mvua hayabaki humo. Hutafuta njia ya kutoka, na njia rahisi zaidi ni ule udongo laini au chokaa iliyo kati ya matofali. Maji hukauka kupitia hapo, na chumvi iliyomo hubaki hapo.

Sasa fundi anaziba viungo hivyo kwa saruji kali, ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga. Mambo matatu hutokea.

La kwanza, mlango wa maji unafungwa. Unyevu unalazimika kutokea kwenye tofali lenyewe. Ukikauka, chumvi inabaki ndani ya uso wa tofali, inaganda na kuvimba, na kulimenya tofali kidogo kidogo. Ule unga mweupe na vumbi jekundu unaouona chini ya ukuta ni kazi ya chumvi hiyo.

La pili, ugumu haulingani. Dodoma jua la mchana ni kali na usiku kuna baridi. Ukuta hutanuka na kusinyaa kila siku. Kiungo laini hufuata mwendo huo. Saruji haifuati, hivyo kinachovunjika ni kingo za tofali.

La tatu, saruji husinyaa inapokauka na kuacha ufa mwembamba kama unywele kati yake na tofali. Maji ya mvua huingia kwenye ufa huo kwa urahisi, lakini kutoka ni vigumu. Baada ya muda ufa unapanuka, na papasi anarudi kwenye makazi yake.

Kanuni yake ni fupi, na ndiyo inayobeba makala haya yote: kinachozibwa kati ya matofali kiwe laini kuliko tofali. Kiungo kikiharibika baada ya miaka mingi utakiziba tena. Tofali likiharibika, ukuta umekwenda.

Hii haimaanishi saruji ni mbaya. Kwa nyumba iliyojengwa tangu msingi kwa matofali ya saruji, ndiyo yake. Lakini ni jambo la karibuni. Ilisajiliwa Uingereza mwaka 1824 na Joseph Aspdin, na hapa nchini kiwanda cha Wazo Hill jijini Dar es Salaam kilianza kuzalisha mwaka 1966. Kuta nyingi za kabla ya hapo zilisimama bila saruji.

Funzo kutoka Kilwa na Unguja

Wanaoijua vizuri kazi hii ni watu wa pwani. Magofu ya Kilwa Kisiwani, likiwamo jumba la Husuni Kubwa, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Zimesimama kuta zake kwa mamia ya miaka mbele ya bahari yenye chumvi.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na baada ya kazi ya kuyaimarisha yaliondolewa humo mwaka 2014.

Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia kwenye orodha hiyo mwaka 2000, una kuta nene za mawe ya matumbawe zilizounganishwa kwa chokaa. Huko somo la saruji limeshajulikana: ukuta wa chokaa ukipigwa plasta ya saruji hubaki na maji ndani, plasta huvimba na kudondoka. Ndiyo maana wahifadhi wa majengo husisitiza kurudisha chokaa pale ilipokuwa chokaa.

Na ukuta wa zamani si wa kuchezewa. Desemba 25, 2020, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati likiwa kwenye ukarabati na watu wawili walipoteza maisha.

Nyumba ya Ipagala si jumba la sultani na haiko kwenye orodha yoyote. Lakini kanuni ni moja: ziba kwa kitu kinachofanana na kilichokuwepo.

Kagua ukuta kabla ya kununua chochote

Kabla ya kumwita fundi, zunguka nyumba yako mwenyewe na uangalie mambo haya.

Kwanza, ni ufa wa aina gani? Mianya inayofuata mistari ya matofali ni kazi ya kupiga pointi, yaani kukwangua viungo vilivyochoka na kuviziba upya. Lakini ufa unaopita katikati ya matofali, unaoshuka kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, unaoingia kidole au unaoendelea kupanuka, una sababu nyingine. Pengine msingi unazama. Ukuta uliovimba au kuinama nao ni hivyo hivyo. Hapo mwite mhandisi au fundi mzoefu, na watoto wasilale chumba hicho kwanza.

Pili, maji yanatoka wapi? Paa lisilo na mifereji, maji ya bafu yanayomwagwa nyuma ya nyumba, udongo uliopanda juu ya msingi, tenki linalovuja. Usipoondoa chanzo cha maji, hakuna mchanganyiko utakaodumu.

Tatu, tofali lako ni laini kiasi gani? Likwangue kwa msumari. Likitoa unga kirahisi ni laini. Lidondoshee maji, yakinywewa papo hapo, ni tofali la kupumua na halitaki saruji kali.

Nne, kilichopo kati ya matofali ni nini? Chomoa kipande, kiweke kwenye glasi ya maji na ukiache kwa saa moja. Kikiyeyuka na kuwa tope, ukuta wako ulijengwa kwa udongo. Kikibaki kigumu, ni chokaa au saruji.

Mchanganyiko unaofaa

Kwa ndani ya nyumba, ambako mvua haifiki, udongo unaweza kuzibwa kwa udongo. Udongo wa kichuguu ndio unaopendwa kwa sababu hushika vizuri, lakini peke yake hupasuka ukikauka. Anza na ndoo moja ya udongo uliochekechwa kwa ndoo mbili za mchanga. Ziba sehemu ndogo ya majaribio na uiache ikauke. Ikipasuka, ongeza mchanga. Ikipukutika, ongeza udongo.

Kwa nje, tumia chokaa na mchanga: ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Mchanga uwe wa mtoni, msafi, wenye chembe kubwa na ndogo. Maji yasiwe ya kisima chenye chumvi, kwa sababu utakuwa unaingiza ukutani kile kile unachokikimbia.

Kuna sehemu zinazopigwa sana na mvua, kama kozi za chini karibu na ardhi. Hapo mafundi katika nchi nyingi hutumia mchanganyiko wa ndoo moja ya saruji, mbili za chokaa na tisa za mchanga. Humo saruji ni kidogo, inasaidia kushika haraka, na chokaa inabaki kuwa ndiyo nyingi. Usizidishe hapo kwa kudhani unaimarisha.

Angalia chokaa unayonunua. Inayotakiwa ni chokaa ya ujenzi iliyokwisha zimwa, inayouzwa ikiwa unga mweupe laini kwenye mifuko. Unga wa mawe ya chokaa yasiyochomwa, ule unaotumika kuchorea mistari ya viwanja, haushiki. Chokaa nyingi ya nchini hutoka Tanga. Iloweke kwenye maji usiku kucha iwe kama uji mzito kabla ya kuichanganya na mchanga. Itashika vizuri zaidi.

Kuhusu kiasi, usitishwe. Viungo vya upana wa sentimita 1 vikizibwa kwa kina cha sentimita 2.5, mita moja ya mraba hutumia takriban lita 4 za mchanganyiko. Ukuta wa chumba wa mita 3 kwa 3 utachukua chini ya ndoo mbili za lita 20. Viungo vya matofali ya mtaani mara nyingi ni vipana zaidi, hivyo pima kwanza, na ongeza kidogo kwa kile kitakachomwagika.

Kazi inavyofanyika

Msimu ni muhimu. Mvua za Dodoma huanza Novemba mwishoni au Desemba na kuishia Aprili. Chokaa haikauki kama saruji. Hugumu polepole kwa kuvuta hewa ya kaboni, na inahitaji wiki nyingi. Kwa hiyo kazi ya nje ifanyike kati ya Mei na Agosti, ili ipite angalau miezi miwili kabla ya mvua kuanza.

Fundi akwangue viungo vilivyochoka kwa patasi na nyundo ndogo, kwa mkono. Mashine ya kukatia hukata hadi tofali. Kina kiwe mara mbili hadi mbili na nusu ya upana wa kiungo. Cha sentimita 1 kichimbwe sentimita 2 hadi 2.5. Asifungue ukuta mzima kwa siku moja, bali sehemu kwa sehemu.

Kisha apige brashi kuondoa vumbi na anyunyizie maji. Tofali kavu litanyonya maji yote ya chokaa na kuiacha ikiwa unga. Ukuta uwe na unyevu bila maji kutiririka.

Mchanganyiko usiwe mwepesi. Ashindilie kwa mwiko mwembamba, tabaka kwa tabaka la sentimita 1 hivi, akisubiri la kwanza lishike kabla ya kuongeza. Mwisho aufute uso wa kiungo uwe sawa na tofali au uingie ndani kidogo. Asipake juu ya tofali, kwa sababu hapo ndipo maji hushikwa.

Kazi ifanyike asubuhi au jioni. Kisha ukuta ufunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa na yaendelee kunyunyiziwa maji kwa siku saba hivi. Upepo wa Dodoma ni mkavu, na kiungo kikikauka ndani ya siku moja kitapukutika. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, halafu lawama hupewa chokaa.

Ukitaka kupaka rangi baadaye, paka chokaa. Rangi ya mafuta na zile zinazong’aa huziba matundu ya ukuta kama saruji tu.

Zungumza na fundi kabla ya kazi

Mafundi wengi wa sasa wamejifunza kazi kwenye saruji. Si kosa lao, na wengi hukubali wakielezwa. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

“Fundi, ukuta huu wa chumba cha watoto nataka uupige pointi kwa chokaa.”

“Mama, chokaa ni ya kupaka. Mimi nakupigia saruji, moja kwa tatu, hutaniita tena.”

“Hiyo ilipigwa mwaka juzi fundi, matokeo yake ni hayo hapo chini. Anza na mita moja nyuma ya nyumba, tuiache wiki mbili, tuangalie.”

“Sawa mama, ila hiyo ni kazi ya taratibu. Bei yake si ile.”

“Nitakulipa kwa siku, si kwa ukuta. Sitaki uharakishe.”

Mama huyu amefanya mambo mawili ya maana. Ameomba sehemu ya majaribio, na ameondoa sababu ya fundi kukimbia. Anayelipwa kwa ukuta atakwangua sentimita nusu, apake juu, aondoke.

Watoto wakae mbali

Chokaa inaunguza. Hata ile iliyozimwa hukausha ngozi na inaweza kuharibu jicho. Ile ambayo haijazimwa ni hatari zaidi, kwani ikikutana na maji huchemka na kurusha matone ya moto. Kwa nyumba yenye watoto, usinunue hiyo kabisa.

Mfuko wa chokaa na ndoo iliyolowekwa vifungwe na viwekwe mahali mtoto hafiki. Weupe wake unamvutia mtoto kama unga wa ugali au maziwa. Fundi na saidia fundi wavae glavu na miwani.

Ikiingia jichoni, osha mara moja kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, jicho likiwa wazi, kisha nenda hospitali. Usitie mafuta, maziwa wala siki.

Kukwangua viungo kunatoa vumbi lenye chembechembe za mchanga zinazoumiza mapafu. Nyunyiza maji kabla ya kukwangua, wafanyakazi wavae barakoa, na toa nje magodoro na nguo. Mtoto mwenye pumu na mama mjamzito wasiwepo siku hiyo. Kama kuna rangi ya zamani inayobanduka, isikwanguliwe kavu, kwa sababu rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi.

Ukuta uliozibwa vibaya na kubaki na maji nao una madhara yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba unahusisha hali hiyo na matatizo ya kupumua, pumu ikiwamo. Ukiona madoa meusi kwenye ukuta karibu na kitanda, sogeza kitanda, fungua madirisha mchana, na tafuta maji yanakotoka.

Kuziba pekee hakumalizi papasi

Ukiziba nyufa umemnyima papasi maficho, lakini waliomo ndani hawafi kwa hilo. Papasi anaweza kuishi miaka kadhaa bila kula. Kwa hiyo kama wameshaonekana, wasiliana na ofisi ya afya ya kata au zahanati iliyo karibu ili nyumba ipuliziwe dawa inayofaa na mtu aliyefunzwa, kabla ya kuziba. Usipulizie dawa ya shambani chumba wanacholala watoto.

Ziba pia nyufa za sakafu na pale sakafu inapokutana na ukuta. Vitanda visiguse ukuta. Mtoto asilale chini, na alale ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro. Unapohama au kupokea mizigo kutoka nyumba yenye papasi, anika mikeka na magodoro juani na ukague mishono yake, kwa sababu papasi haruki wala hapai. Husafirishwa na sisi.

Mpeleke mtoto kituo cha afya haraka ikiwa ana homa iliyopoa kisha ikarudi, au homa kali ambayo kipimo cha malaria kimeonyesha hana. Mweleze mhudumu kwamba mnaishi kwenye nyumba yenye nyufa, au mtoto amelala kwenye nyumba ya aina hiyo wiki chache zilizopita, na uulize kama damu inaweza kuangaliwa kwa darubini. Mjamzito mwenye homa asisubiri hata siku moja.

Homa ya papasi inatibika kwa dawa za kuua bakteria. Lakini matibabu yafanyike chini ya uangalizi, kwa sababu saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa anaweza kupata baridi kali, homa kupanda na presha kushuka. Usinunue vidonge dukani na kumpa mtoto nyumbani.

Anza na chumba kimoja

Si kila familia inaweza kukarabati nyumba nzima kwa mara moja, na haihitajiki. Anza na chumba wanacholala watoto, na ndani ya chumba hicho anza na ukuta ulio karibu na kitanda. Ukuta mmoja ni ndoo mbili za mchanganyiko na siku chache za fundi.

Kama umepanga, mwonyeshe mwenye nyumba ukuta huo kabla ya Mei na mkubaliane kwa maandishi nani analipia nini. Mweleze pia kwamba si saruji unayoomba. Kwake yeye, matofali yaliyobaki mazima ni nyumba ambayo hatalazimika kuijenga upya.

Ukimaliza, pita na tochi usiku mmoja kila mwezi ukiangalia viungo vya ukuta ule. Mwanya mpya ukiuona mapema unazibwa kwa kijiko.